Mwosha Huoshwa, Lakini Nani Anamwogesha Bibi?

Shangazi yangu hajawahi kukanyaga darasa la fasihi, lakini somo kali kuliko yote niliyowahi kupewa kuhusu kitenzi cha Kiswahili nilipewa naye, uani kwake Rulenge, Julai iliyopita. Nilikuwa nimetoka Mwanza kwa likizo ya wiki mbili. Nikamkuta anachemsha maji kwenye mafiga, nikauliza, kama mtu anayetaka kuonekana anasaidia, "Shangazi, Bibi ameshaoshwa?"

Akaniangalia kwa muda. "Kinachooshwa ni sufuria. Na maiti. Bibi yako anaogeshwa, mama."

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha, maana alikuwa na haki. Sufuria haina la kusema. Maiti naye amemaliza kusema. Lakini kuogesha ni kumfanya mtu aoge, yaani kitendo bado ni cha yule anayeogeshwa, wewe unakisukuma tu kwa nyuma. Kuoga bado ni kwake. Mimi, mwenye shahada kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na miaka kumi ya kuhangaika na maneno ya watu wengine, nilikuwa nimemhamisha bibi yangu kutoka upande wa walio hai kwenda upande wa vyombo, na sikuona.

Bibi ana ugonjwa wa kusahau, mwaka wa sita sasa. Kiswahili ndicho kilichoondoka kwanza, kimebaki Kishubi, na hicho nacho kinavunjikavunjika. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki kabla sijazaliwa. Asubuhi za Rulenge zina baridi, hasa mwezi wa saba, kwa hiyo anaogeshwa mchana, jua likishaupasha ukuta wa bafu la uani. Kwa siku kumi na moja nilikuwa msaidizi wa shangazi katika kazi hiyo. Usiku nilikuwa nasoma, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuandika makala kuhusu *Utendi wa Mwana Kupona*, na nilikuja na kitabu pamoja na madondoo yangu ya chuoni. Sikutegemea kwamba mchana na usiku vingegombana hivi.

Methali inasema mwosha huoshwa. Wengi tunaielewa hivi: leo unaosha maiti ya mwenzio, kesho wewe ndiye utakayelazwa pale, basi usijione. Ni methali nzuri, lakini tazama inaruka nini. Inatoka kwa mtu mzima mwenye nguvu moja kwa moja hadi kwa maiti, kana kwamba hapo katikati hakuna kitu. Lugha yetu ina jina la anayeosha maiti: mwosha. Ina jina la anayemfunda na kumsinga bi harusi: somo, kungwi. Ina mkunga kwa mtoto anayezaliwa. Sasa niambie, yule anayemwogesha mzee aliye hai, aliyesahau hata kwamba yeye ni nani, anaitwaje? Utasema mlezi, utasema muuguzi. Mlezi ni wa watoto, muuguzi ni wa hospitali. Shangazi yangu si wa huku wala huku. Anafanya kazi isiyo na jina.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Fasihi yetu imeupokea upungufu huo wa methali bila kuuliza. Imeandika mwili unaozaliwa, mwili unaotamaniwa, mwili unaopigwa na mwili unaozikwa. Mwili wa mama mzee unaohitaji kuoshwa makunjo, kukatwa kucha na kunyolewa, mara nyingi imeuruka. Na nadhani ruko hilo lilianza pale pale ambapo utamaduni wetu wa kuandika kuhusu kutunza mwili ulianza, kwa Mwana Kupona mwenyewe.

Tukumbushane. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, kule kisiwani Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Utendi una beti mia moja na ushee, na anayeambiwa ni binti yake, Mwana Hashima. Mama anamwita binti asogee na wino na karatasi, amwandikie wasia. Anampa mambo ya dini na adabu, kisha anamfikisha kwa mume: namna ya kumtii, namna ya kumlaza, namna ya kumwamsha.

Chuoni tulifundishwa kuusoma utendi huu kwenye mzani. Upande mmoja wapo wanaosema ni kitabu cha utumwa wa mwanamke. Upande wa pili wapo wanaosema mama ana ujanja, anamfundisha binti kumtawala mume huku mume akidhani anatawala. Tulibishana semina nzima. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na nilikuwa na sauti kubwa.

Sasa nimeusoma tena nikiwa na mikono inayonuka sabuni ya mche, na kitu nilichokiona si utii wala ujanja. Nimeona maelekezo ya kazi. Mwana Kupona anaeleza kwamba mume akilala asibughudhiwe, akae na mtu wa kumpepea. Akiamka chakula kisicheleweshwe. Mwili wake usingwe na usafishwe. Anyolewe, ndevu zake zipangwe vizuri, afukizwe udi asubuhi na jioni. Kisha unakuja ubeti ambao wahakiki wameuzungumzia sana: mume huyo atunzwe kama mtoto ambaye hajajua kusema.

Wanaoona ujanja wanaupenda ubeti huo, maana unamshusha bwana mkubwa hadi kuwa mtoto mchanga. Mimi niliposoma pale nilisimama kwa sababu nyingine. Mwili wa mtu mzima, unasingwa, unanyolewa, unapangwa nywele, unanukishwa, na mwenye mwili hawezi kusema. Nilikuwa nimetoka kuufanya mchana ule ule. Orodha ni ile ile. Mwana Kupona alikuwa ameandika, bila kukusudia, mwongozo wa kumtunza mtu mwenye ugonjwa wa bibi yangu. Tofauti ni kwamba amempa mume mzima mwenye afya.

Hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanza. Mapema katika utendi anasema binadamu anahitaji radhi tano ili apate raha duniani na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Mama yumo, ametajwa waziwazi. Lakini maelekezo ya mwili, ya kusinga na kunyoa na kufukiza, yanakwenda kwa wa tano peke yake. Mama anapewa radhi kwa neno tu, na mikono ya binti inapelekwa kwingine.

Na mama ni nani hapa? Ni yeye mwenyewe anayesema. Mwanzoni mwa utendi Mwana Kupona anaeleza kwamba maradhi yamemshika hadi yametimiza mwaka. Mwaka mzima kitandani, jamani. Miaka michache baada ya utendi alifariki. Mtu aliyelala mwaka anahitaji maji. Anahitaji kugeuzwa, kufutwa, kukatwa kucha, kubadilishwa shuka. Kwa Muislamu kuna na zaidi: kunyoa nywele za sehemu za siri na za kwapa na kukata kucha ni sunna ambayo haitakiwi ipite siku 40. Huo si urembo, ni tohara ya mtu, na mgonjwa naye ana haki yake. Nani aliyafanya hayo? Utendi haujibu. Nyumba ile ilikuwa ya watu wakubwa, huenda mikono ilikuwa ya watumwa, na hilo nalo ni la kuuliza. Huenda pia mkono ulioshika kalamu ulikuwa umetoka kukamua kitambaa nusu saa kabla. Mama anamwambia binti namna ya kuutunza mwili wa mwanamume ambaye hajafika, na mwili uliopo chumbani, unaohitaji maji sasa hivi, hautajwi.

Simlaumu. Wasia ni wa kuacha nyuma kitakachobaki, na aibu ya ugonjwa wake hakutaka ibaki. Lakini utendi wake umesomwa kuliko karibu utendi wowote wa mwanamke katika lugha yetu, na tulirithi vyote viwili: orodha yake na kimya chake.

Nilihitaji kitabu cha kumweka mkabala naye, nikakipata mbali, Ufaransa. Annie Ernaux, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2022, alimuuguza mama yake aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer, mwanamke aliyekuwa na duka na mgahawa mdogo kule Yvetot, mtu wa amri na sauti. Mama alifariki Aprili 1986. Ernaux aliandika *Une femme*, kitabu kifupi kilichotoka mwaka 1988, kisha mwaka 1997 akachapisha kumbukumbu alizokuwa akiziandika kila akitoka kumwona mama hospitalini. Kichwa cha kitabu hicho cha pili ni sentensi ya mwisho ambayo mama aliiandika kwa mkono wake. Mimi nimevisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, Kifaransa sikijui.

Kuna mahali katika *Une femme* Ernaux anataja alichokuwa anamfanyia mama yake: kumwosha mikono, kumnyoa uso, kumpaka manukato. Nikarudi nyuma kusoma tena. Kuosha, kunyoa, kunukisha. Pate mwaka 1858 na kitongoji cha Paris miaka ya 1980, wanawake wawili wasiojuana wamefikia orodha ile ile, kwa sababu mwili ni ule ule na kazi ni ile ile. Tofauti ni nani kalala. Kwa Ernaux aliyelala ni mama, na anayeandika haogopi kusema kwamba mama ameota ndevu.

Hilo la ndevu lilinigusa kuliko mengine. Bibi naye ana nywele ngumu kidevuni, saba au nane, na katika maisha yake yote hakuna aliyeziona kwa sababu alikuwa anazing'oa mwenyewe kila Jumamosi, kabla ya misa ya kesho yake. Shangazi ndiye anayezitoa sasa. Anafanya Jumamosi, kwa makusudi kabisa. Sikuwahi kukutana na kidevu cha bibi katika hadithi yoyote ya Kiswahili. Bibi wa hadithi zetu ana hekima, ana mvi, ana ugoro, ana kigoda, anasimulia paukwa pakawa. Hana kidevu.

Najua mtu atainua mkono hapa. Atasema, dada, hii ni stara. Waandishi wetu hawajashindwa, wamekataa. Mama wa mtu havuliwi nguo mbele ya wasomaji. Na hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipita kwa mbio.

Mimi nimekulia katika dayosisi ya Rulenge, hadithi ya Nuhu nimeipata kwenye katekisimu kabla ya kujua kusoma vizuri. Nuhu analewa, analala uchi hemani. Hamu anauona uchi wa baba yake na kutoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanachukua vazi, wanatembea kinyumenyume, nyuso zimegeukia upande wa pili, wanamfunika mzee bila kumwona. Wawili wanabarikiwa, na laana inaangukia uzao wa Hamu. Kila mwandishi anayeandika mwili wa mzazi wake ni Hamu. Ameona, na ametoka nje kusema. Ernaux ni Hamu. Mimi katika makala hii ni Hamu.

Nililibeba wazo hilo siku mbili. Siku ya tatu Bibi alijisaidia pale kwenye kiti, nikawa peke yangu naye, shangazi ameenda sokoni. Huwezi kumwogesha mtu ukitembea kinyumenyume. Huwezi. Lazima uangalie, na uangalie vizuri, chini ya matiti, kwenye kinena, kwenye makunjo yote ambayo unyevu unakaa, kwa sababu ngozi ya mzee ni nyembamba kama ganda la kitunguu na kidonda kinaanza pale usipotaka kuangalia. Shemu na Yafethi walifanya tendo la dakika moja kwa mtu ambaye kesho yake angeamka na akili zake. Hawakuambiwa wamtunze miaka sita. Tena katika Biblia yetu ya Kikatoliki yumo Yoshua bin Sira, anayesomwa kwenye Sikukuu ya Familia Takatifu, anayemwagiza mwana amsaidie mzazi uzeeni na amvumilie hata kama akili zimemwishia. Nimemsikia akisomwa kanisani toka nikiwa mtoto. Sikuwahi kufikiri kwamba kuvumilia huko kuna beseni ndani yake.

Kwa hiyo nadhani stara na kutoangalia ni vitu viwili. Shangazi anaangalia kila kitu, na sijaona mtu mwenye stara kama yeye. Swali kwa mwandishi linabaki: utamwonyeshaje msomaji kazi hii bila kumgeuza mzee kuwa onyesho? Ernaux mwenyewe si salama hapo. Katika zile kumbukumbu za hospitalini kuna kurasa nilizozifunga. Mama yake hakuulizwa. Nguvu yake lakini ni kwamba hajifichi: chuki yake, hofu yake, kujiona kwake mwenyewe katika mwili ule, vyote viko mezani. Anayevuliwa nguo zaidi ni binti. Nadhani hicho ndicho kipimo. Ukiandika mwili wa mzee na wewe umekaa umevaa suti, umemtendea ubaya. Ukiandika aibu yako wewe uliyeshika kitambaa, hapo kuna haki kidogo.

Karibu na nyumbani nimetafuta mtu aliyejaribu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwani, hakuona haya na mwili. Riwaya yake ya *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, aliyoiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, inaeleza ugumba, dawa, uzazi na desturi za nyumbani kwa subira ambayo riwaya za leo hazina. Ukimsoma unajua kwamba lugha ya kusema mambo haya ilikuwepo. Abdulrazak Gurnah katika *The Last Gift* ya mwaka 2011 anatupa Abbas, baharia wa zamani kutoka Zanzibar, anayeanguka kwa maradhi huko Uingereza, anapoteza usemi, na mkewe Maryam anabaki naye. Ni riwaya ninayoipenda. Lakini moyo wake uko kwenye siri, kwenye yale ambayo Abbas hakuyasema miaka yote na anayarekodi kwenye kinasa sauti. Gurnah anakisubiri kinywa kifunguke. Kwa Bibi yangu kinywa hakitafunguka, hakuna siri inayokuja, hakuna kanda. Kuna mwili tu, na mchana mwingine wa kuuogesha. Sijui riwaya ya Kiswahili inayokaa mahali hapo, pasipo na ufunuo wa kusubiri, na isikimbie.

Mtu anaweza kuuliza, sasa iko wapi hasara? Fasihi isipoandika mabeseni, nani anakufa?

Nitajibu kwa kazi yangu. Mimi ni mwandishi wa habari Kanda ya Ziwa. Nimeandika vichwa vya habari vyenye maneno "mauaji ya vikongwe", na kila msomaji wa magazeti anayajua maneno hayo. Wanawake wazee wameuawa huku kwetu kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni wa miaka hamsini umeyafanya vile. Sasa mchukue mwanamke mwenye macho hayo, umwongezee ugonjwa huu. Anatoka usiku. Anazungumza na waliokufa. Anavua nguo uani. Ananuka mkojo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, takribani 6 wana ugonjwa huu. Yaani wapo katika kila kijiji. Kijiji kinawajua, ila kinawajua kwa jina lingine.

Siku moja nilimuuliza shangazi kwa nini anahangaika hivyo, kila siku, hata siku ambazo Bibi anampiga. Nilidhani ataniambia mapenzi, au dini. Akasema, "Mzee akinuka, watu wanaanza kusema." Alisema akiwa anakata kitambaa cha zamani vipande vipande, wala hakuinua kichwa. Ikanichukua muda kuelewa kwamba ananieleza habari za usalama. Sabuni ile ni ukuta. Kucha fupi, nywele zilizochanwa, khanga safi, mafuta ya mgando usoni: yote yanamwambia anayepita njiani kwamba huyu ana watu wake.

Na mimi niliyeandika "vikongwe". Neno liko katika ngeli ya vitu, pamoja na vikombe na viti. Sisemi kwamba ngeli inaua. Kijana ni ki-, kiongozi ni ki-, na hakuna anayewaonea. Lakini mwandishi anayefika kijijini baada ya mauaji akamwita marehemu kikongwe, bila kidevu, bila Jumamosi, bila mtu aliyekuwa anamkata kucha, ameanza kuosha kabla ya kuuliza kama alikuwa anaogeshwa. Hadithi zetu zingekuwa zimetufundisha kumwona, labda na mimi ningeandika tofauti. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo mtunzaji wa kwanza wa mzee. Makazi ya serikali yapo, mojawapo ni Kilima kule Bukoba, lakini wazee walio wengi wako nyumbani, mikononi mwa akina shangazi. Familia imeachiwa kazi hii, na fasihi haijaipa hata ukurasa wa kujitazama.

Ningependa kuiona hadithi hiyo, na nina masharti. Isiwe na bibi anayefumba macho na kutoa neno moja la hekima mwishoni. Asirudishiwe akili dakika moja ili mjukuu apate machozi mazuri. Iwe na kazi ndani yake, kazi yenyewe, kwa mpangilio, kama Mwana Kupona alivyoweka wa kwake.

Mpangilio wa shangazi nimeuandika kwenye daftari, nauweka hapa kama nukuu kutoka kwa mwandishi ambaye hatachapishwa. Usimvue kwanza, mwambie kwanza. Mwambie kwa Kishubi. Maji ayaguse kwa mkono wake mwenyewe kabla hayajamfikia mwilini. Dodoki mshikishe yeye, hata kama hajui la kufanya nalo, mkono wenye kitu haupigi. Uso kwanza, chini mwishoni, na kitambaa cha chini si cha juu. Khanga ibaki begani, unainua upande unaoosha tu. Usisugue, futa kwa kubonyezabonyeza. Nywele za chini usiguse na wembe, ngozi itachanika. Tumia mkasi mdogo, punguza tu, na siku hiyo usifanye jambo lingine lolote. Kucha baada ya maji, zikiwa laini. Akikataa, acha. Kesho ipo.

Isome tena hiyo ya mwisho. Akikataa, acha. Katika maelekezo ya Mwana Kupona anayetunzwa ana amri zote na anayetunza hana neno. Katika hospitali ya Ernaux wauguzi wana saa, na mgonjwa anaingia kwenye saa yao. Shangazi, bila kitabu, ameweka kitu ambacho sikukiona kwa hao wawili: mtu asiyejua jina lake bado ana haki ya kusema hapana. Ndiyo maana anaogeshwa na haoshwi.

Siku yangu ya kumi khanga ilinitoka mkononi. Nilikuwa nimeishika vibaya, ikaanguka kwenye maji, na Bibi akabaki hivyo alivyo, jua la saa saba limempiga. Hajui mwaka, hajui mimi ni nani, siku hiyo hakuwa amejua hata kijiko. Alichutama. Pale pale, upesi, magoti yakalia, mikono ikajikunja kifuani. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, tuliimba darasa la tano tukidhani ni swali la mtihani.

Shangazi alikuja na khanga kavu, akamfunika, akachutama naye. Walikaa hivyo. Mimi nilisimama na beseni. Kuna mengine niliyoyaona mchana ule, na hayo nimeyaacha bafuni.